Jibu ninalo, lakini nafasi inanipita

"Mimi ni mwanamke wa miaka 32, nasimamia ghala la vipuri kiwandani. Kila Jumatatu tuna kikao cha watu tisa. Kazi yangu naijua vizuri, lakini nikitaka kusema moyo unanienda mbio, mikono inatoka jasho, na sauti ikitoka inatoka nyembamba, inatetemeka. Mara nyingi naiandika sentensi kwenye daftari, naifuta, naiandika tena. Nikiinua kichwa, mazungumzo yameshahamia kwingine. Mwezi uliopita nilijikaza nikasema kwamba vipuri havitafika kabla ya tarehe waliyopanga kuifungua mashine. Hakuna aliyeitikia. Dakika kumi baadaye mwenzangu akasema jambo lile lile, wote wakamgeukia, mkuu wa idara akamshukuru. Nimejaribu kusimama mbele ya kioo mikono kiunoni kama nilivyoshauriwa, sioni tofauti. Nifanye nini nipate kujiamini ili nianze kuongea? Au nimwombe mkuu wangu niwe natuma maoni kwa maandishi, niachane na kuongea?"

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonikaa kichwani ni lile daftari. Unasema shida yako ni kutojiamini. Mimi naona mambo kadhaa yamefungwa kwenye furushi moja: mwili wako unaogopa, sentensi yako inachelewa, na kikao chenu hakisikilizi vizuri. Kila moja lina dawa yake, na moja kati ya hayo si kosa lako hata kidogo. Tukilifungua furushi, utaona kwamba huhitaji kuwa mtu mwingine.

Nianze na daftari, maana ndipo naona mzigo mkubwa ulipo.

Watu wanapozungumza, pengo kati ya mmoja kumaliza na mwingine kuanza ni dogo mno. Mwaka 2009 watafiti walilinganisha mazungumzo ya lugha 10, zikiwemo Kijapani, Kikorea, Kitaliano na Kidenishi, wakakuta kwamba kwa wastani pengo hilo ni kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Sasa linganisha na jambo hili: mtu akionyeshwa picha ya kitu anachokijua, tuseme kiti, hupita kama sehemu sita za kumi za sekunde kabla neno "kiti" halijamtoka. Neno moja tu! Kwa hiyo wale unaowaona wakiingia kwenye mazungumzo kwa wepesi hawangoji mwenzao amalize ndipo watunge. Wameanza kutunga yeye akiwa bado anasema, na wanafungua mdomo wakiwa na maneno mawili matatu ya kwanza. Yaliyobaki wanayapata njiani.

Wewe unataka sentensi iive yote ndipo uitoe. Mtu wa namna hiyo hupitwa na nafasi hata akiwa na moyo wa simba. Na kuna jambo la pili hapo, dogo lakini lina uzito: ukiwa umeinamia daftari na kalamu inatembea, hakuna mwenzako anayeona kwamba unataka kusema. Kabla ya kuongea watu hutoa ishara: huinua uso, husogea mbele kidogo, huvuta pumzi kwa kusikika, humtazama anayeongoza kikao. Wengine wakiziona, humpisha. Wewe ishara zako zote zinasema "niacheni, naandika".

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba ni kubadilisha unachokiandika. Usiandike sentensi. Andika maneno matatu tu: vipuri, tarehe 18, mashine. Halafu weka kalamu chini. Uwe na maneno ya kufungulia uliyoyazoea mpaka yakutoke bila kufikiri: "Hapo kwenye tarehe, nina jambo." Au, "Kabla hatujaendelea, kuna kitu ghalani." Maneno hayo hayana hoja ndani yake, na ndiyo faida yake. Yanakupa zamu, yanawageuza watu wakutazame, na yanakupa sekunde mbili za kutafuta sentensi yenyewe. Ukiingia ikiwa bado mbichi, itaivia mdomoni. Utajikwaa mara moja au mbili. Kila mtu kwenye kikao hicho hujikwaa; sikiliza Jumatatu ijayo utawasikia wakikatiza sentensi zao na kuanza upya.

Sasa mwili. Moyo kwenda mbio na mikono kutoka jasho ni kazi ya adrenalini, kemikali ambayo mwili huitoa mtu akiogopa. Ubongo umehesabu macho ya watu wanane kuwa hatari, ukauandaa mwili kupambana au kukimbia. Misuli hukaza, na misuli midogo ya kwenye zoloto, ile sehemu ya koo inayotoa sauti, ambayo huvuta nyuzi za sauti, hukaza pamoja na mingine. Nyuzi zikivutwa, sauti hupanda na kuwa nyembamba, kama uzi wa ala ya muziki uliokazwa. Tena mtu anayengoja zamu kwa hofu huwa amebana pumzi kifuani bila kujua. Akianza kusema, anasukuma maneno kwa hewa iliyobanwa juu, na hapo ndipo mtetemo unapotokea.

Dawa yake watu huielewa vibaya. Wanaambiwa "vuta pumzi ndefu", wanavuta, kifua kinajaa zaidi, hali inakuwa mbaya zaidi. Anza kwa kutoa. Mwenzako anapokaribia kumaliza, toa hewa taratibu kupitia mdomo mpaka mabega yashuke, acha hewa iingie yenyewe, kisha anza kusema. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta hupunguza mapigo ya moyo. Hofu haitakwisha, na sikuahidi hivyo, lakini neno la kwanza litapata hewa ya kutosha chini yake. Neno la kwanza likisimama, mengine hulifuata.

Halafu kuna imani inayokutesa pasipo sababu, kwamba kila mtu anaiona hofu yako. Mwaka 2000 wanasaikolojia wa Marekani walichapisha jaribio ambalo nawasimulia karibu wateja wangu wote. Kijana alivalishwa fulana yenye picha ya kumwaibisha, akaingizwa kwenye chumba chenye wenzake, kisha akaulizwa ni wangapi wamegundua fulana yake ina picha ya nani. Walioivaa walikadiria karibu nusu ya chumba. Waliogundua kweli walikuwa kama robo. Na mwaka 2003 wawili kati ya watafiti hao walifanya jaribio lingine kwa watu waliotakiwa kutoa hotuba. Wale walioelezwa mapema kwamba wasiwasi wa ndani hauonekani nje kama msemaji anavyodhani walitoa hotuba zilizoonekana bora, kwao wenyewe na kwa waliowasikiliza. Hawakufundishwa mbinu yoyote ya kuongea. Walielezwa ukweli tu, kama ninavyokueleza wewe sasa: mtetemo unaousikia kooni mwako ni mkubwa kuliko ule unaowafikia wenzako upande wa pili wa meza.

Kuhusu kioo na mikono kiunoni, hujakosea kuona hakuna tofauti. Ushauri huo ulienea baada ya utafiti wa mwaka 2010 uliodai kwamba mkao wa kujitanua hubadilisha homoni mwilini. Mwaka 2015 watafiti wengine waliurudia kwa watu wengi zaidi, 200, wasione mabadiliko hayo ya homoni, na mmoja wa waandishi wa utafiti wa kwanza mwenyewe alitangaza mwaka 2016 kwamba haamini tena kuwa athari hiyo ipo. Ukipenda kusimama hivyo, simama, hakutakudhuru. Ila usijilaumu kwamba umeshindwa hata na zoezi jepesi.

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi kwenye barua yako: ulisema, na hukusikika.

Hukuniandikia maneno uliyoyatumia, lakini nimekaa na watu wengi wenye shida kama yako, na sentensi zao hufanana: "Samahani, sijui kama nimeelewa vizuri, ila nilikuwa nafikiria labda vipuri vinaweza vikachelewa kidogo." Isome tena kama mtu aliyechoka, mwenye mambo mengine sita kichwani. Hoja iko mwishoni kabisa, imefunikwa na samahani, sijui, labda na kidogo. Msikilizaji amepewa sababu nne za kutoijali kabla haijamfikia.

Sentensi za namna hii zimewahi kugharimu roho za watu. Machi 1977, kwenye ukungu, ndege mbili kubwa ziligongana katika njia ya kurukia kisiwani Tenerife, watu 583 wakafa. Rubani mkuu wa ndege mojawapo alikuwa ameshaanza kuikimbiza ili apae. Mhandisi aliyekuwa naye chumbani mwa marubani alikuwa na shaka kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani, akauliza kama bado haijatoka. Rubani mkuu akamjibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakusema tena. Alikuwa na wasiwasi sahihi, akautoa kama swali, kwa mtu aliyemzidi cheo, na jibu moja la mkato likamnyamazisha. Baada ya ajali za aina hiyo wataalamu wa usafiri wa anga, kuanzia mkutano ulioitishwa na NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1979, walitengeneza mafunzo mapya ya wafanyakazi wa ndege. Aliye chini hufundishwa kutaja hatari waziwazi, kueleza sababu na kupendekeza la kufanya. Na rubani mkuu naye hufundishwa kusikiliza. Zingatia hiyo sehemu ya pili, nitairudia.

Ukichukua mpangilio huo, sentensi yako inakuwa hivi: "Mkuu, nina wasiwasi na tarehe ya 12. Vipuri vinafika tarehe 18, na mashine ikishafunguliwa haiwezi kufanya kazi bila hivyo. Naomba tusogeze ufunguzi kwa wiki moja, au niruhusiwe leo kuulizia kwa msambazaji mwingine." Angalia kwamba heshima haijapungua. Iko kwenye "Mkuu" na kwenye "naomba". Kilichoondoka ni kujidharau, na watu wengi waliolelewa vizuri huchanganya viwili hivyo. Angalia pia kwamba inaishia kwenye ombi linalohitaji jibu. Habari tupu kama "vipuri vitachelewa" huelea mezani bila mwenyewe. Ombi humlazimu mtu fulani kusema ndiyo au hapana.

Na kimya kikifuata, usikihesabu kuwa kukataliwa. Katika kikao cha watu tisa, wengi wakati huo wanatunga yao, kama tulivyoona. Rudia mara moja, kwa sauti ile ile: "Mkuu, naomba tuliamue hili la tarehe kabla hatujaendelea." Kurudia mara moja ni haki yako. Usipandishe sauti. Kupaza sauti na kusikika ni vitu viwili; ninachokushauri ni kupunguza mwendo, na kumaliza sentensi bila kuimeza silabi ya mwisho.

Mwenzako akilirudia jambo lako, yawezekana hakukuibia. Huenda wazo lilimpita sikioni, likarudi kichwani mwake dakika kumi baadaye kama la kwake. Lidai bila ugomvi, papo hapo: "Nashukuru umelirudia, ndilo nililolitaja mwanzoni. Niongezee kwamba msambazaji anahitaji kuambiwa leo." Hilo la kuongezea ndilo linalokurudisha kwenye mazungumzo, ukiishia kwenye kudai tu, watu wataona umekasirika na watakumbuka hasira. Zaidi ya hapo, kabla ya kikao tafuta mtu mmoja unayemwamini umwambie, "Nikitaja suala la vipuri, ukiona limepita niulizie." Mtu mmoja akisema "hebu turudi kwa alichosema dada" hubadilisha kikao kizima.

Hapa nirudi kwa yule rubani mkuu. Ukifanya haya yote kwa miezi miwili mitatu, ukasema wazi, ukarudia, na bado unapitwa, tena unaona na wenzako wa vyeo vya chini wanapitwa vile vile, basi shida iko kwa anayeongoza kikao. Mazoezi ya pumzi hayatamtibu yeye. Unaweza kumwona faraghani ukamwomba taarifa ya ghala iwekwe kwenye ajenda, au awe anazunguka meza kumuuliza kila mmoja kabla ya uamuzi. Wakuu wengi hukubali, kwa sababu hawakuwa wanaona. Lakini kama ni mtu anayewaadhibu wanaomwambia ukweli, kunyamaza kwako si woga, ni akili. Hapo weka kumbukumbu zako kwa maandishi, chagua mambo ya kupigania, na ufikirie kama unataka kuendelea kumfanyia kazi. Sitakuambia ujitoe mhanga.

Umeuliza ufanye nini upate kujiamini ili uanze kuongea. Mpangilio huo, wa kujiamini kwanza ndipo uongee, ndio ninaotaka uuache kidogo. Kila unaponyamaza, unapata nafuu ya ghafla: hatari imepita. Ubongo unaisajili ile nafuu kama ushahidi kwamba kulikuwa na hatari ya kweli, na Jumatatu inayofuata hofu inakuja na nguvu zaidi. Kuandika sentensi nzima, kuharakisha maneno, kutazama chini, kuanza na samahani, vyote hufanya kazi hiyo hiyo. Ukivuka salama unavishukuru vyenyewe, hujui kwamba ungevuka hata bila hivyo. Kujiamini hujengwa na kumbukumbu za mara ulizosema na jambo baya ulilolitarajia lisitokee. Wewe kumbukumbu hizo huna nyingi, kwa hiyo hakuna cha kukupa imani. Hukuzaliwa hivyo, ni kwamba hujapata ushahidi.

Basi ukusanye kidogo kidogo. Jumatatu ya kwanza, uliza swali moja tu ambalo halina ubishi, na uliulize katika dakika tano za mwanzo, maana hofu ya kungoja hukua kadiri kikao kinavyoendelea. Ukizoea, toa taarifa fupi ya ghala bila kusoma. Baadaye muunge mkono mtu kwa sababu yako mwenyewe. Kumpinga mtu hadharani kuje mwisho kabisa. Usiruke ngazi kwa sababu siku moja umejisikia vizuri, na usirudi chini kwa sababu siku moja imeharibika. Itaharibika tu, siku moja au mbili.

Lile daftari sasa lina kazi mpya. Kabla ya kikao andika unachohofia, kwa maneno yanayoweza kupimwa: "Nikisema, mkuu atakunja uso na mtu atacheka." Baada ya kikao andika kilichotokea, ukihesabu tu kile ambacho kamera ingekirekodi. "Walinidharau" kamera haikirekodi. "Mkuu aliandika kitu, mmoja akauliza ni siku ngapi" inakirekodi. Baada ya wiki sita au nane, soma kurasa hizo mbili mbili.

Nisisahau: ukimya wenyewe si ugonjwa. Kuna watu wanaopenda kusikiliza, wanaosema mara mbili kwa mwezi na kila mara wanaponya jambo. Sitaki uwe msemaji wa kila hoja. Nataka siku ukiwa na la kusema liweze kutoka. Vikundi vya mazoezi ya kuhutubia, kama vile vya Toastmasters vilivyoanza California mwaka 1924, husaidia kuzoea macho ya watu, na kama kiko karibu nawe nenda ukaone. Ila pale unapewa zamu na watu wamejiandaa kukusikiliza. Ujuzi wa kuipata zamu utaujenga kwenye kikao chenyewe.

Sasa nikuambie ni lini uonane na mtu ana kwa ana. Kama hofu hii imedumu miezi sita au zaidi na imevuka kikao, ikafika kwenye simu, kwenye kula mbele ya watu, kwenye kukataa cheo au kukosa kazi siku za kikao, huenda ni ugonjwa wa hofu ya kijamii. Unatibika. Tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni ya mazungumzo, inayoshughulikia fikra na tabia pamoja, kwa kawaida kikao kimoja kwa wiki kwa wiki 12 hadi 16, na wengine huongezewa dawa na daktari. Usipewe na rafiki vidonge vya kupunguza mapigo ya moyo. Vingine ni hatari kwa mwenye pumu. Ukijikuta unahitaji pombe ili uweze kuingia kwenye chumba chenye watu, nenda mapema. Kama kuna mtu aliyewahi kukupiga au kukudhalilisha kwa sababu ya kusema, mweleze mtaalamu hilo mwanzoni kabisa. Kigugumizi kina mtaalamu wake wa matamshi na lugha, na sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu au nne ionwe na daktari wa masikio, pua na koo. Na ukifika mahali unaona afadhali usiwepo duniani, usingoje miadi: tafuta msaada siku hiyo hiyo, na usikae peke yako.

Swali lako la mwisho, la maandishi. Mwombe mkuu, ndiyo, ni ombi zuri: taarifa ya ghala ikifika kwa maandishi kabla ya kikao, hoja inaingia ikiwa na jina lako juu yake, na ni vigumu kuiokota na kuifanya ya mtu mwingine. Lakini usiyafanye kuwa mlango wa kutokea. Maandishi yatumwe Ijumaa, na Jumatatu uweke kalamu chini, utoe pumzi, useme: "Hapo kwenye taarifa yangu, hoja ya pili ndiyo ya haraka."